Kiwiko cha Mpwa

Nyumbani kwa mama yako, chumba cha nyuma
10 Machi

Mpwa wangu,

Salamu utazipata kwa wengine. Mimi leo sina.

Simu zako nimeziona zikiita na nimeziacha ziite. Sitapokea. Maneno ya mdomo ndiyo yaliyotufikisha hapa, kwa hiyo haya yangu yatakaa kwenye karatasi, uyasome mara ya pili na ya tatu, usije kesho ukasema umesikia mengine.

Jana alinipigia yule mkaguzi wa usalama wa anga. Siku hizi ananiita mzee, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Ameniambia nimesimamishwa kufundisha hadi kamati itakapoamua. Sababu? Kwamba rubani niliyekuwa naye, mtoto wa dada yangu niliyembeba mgongoni, amekaa mbele yao akasema injini ilipozima nilimwamuru ageuze ndege arudi uwanjani.

Mimi! Mimi ninayewachosha watu hata kwenye harusi kwa jambo hilohilo! Injini ikikuzimia umetoka tu kuruka, bado uko chini, uwanja ulioko nyuma yako haupo tena. Sahau kwamba uliwahi kuwepo. Unashusha pua ya ndege ili usipoteze mwendo, unatafuta mahali mbele yako, unatua hapo hata kama ni pabaya. Anayegeuka anaishiwa mwendo katikati ya kona, bawa linaanguka, na sisi tunakwenda kumzika. Rafiki yangu tulimzika hivyo. Ulikuwepo, umevaa sare ya shule, umeshika mkono wangu. Sasa niambie ilikuwaje nikayasahau yote hayo siku moja tu, siku ya kukupima wewe.

Nilichosema nitakukumbusha, maana inaonekana huna habari. Nilisema, "Usiigeuze." Basi. Nililisema kwa utulivu, kwa kuwa kupiga kelele ndani ya ndege ni kazi ya abiria. Halafu nikanyoosha mkono wa kushoto nifunge koki ya mafuta, iliyoko kati yangu na wewe, kama anavyofanya kila mwenye akili kabla ya kugonga ardhi, ili tusiwake moto. Ukanitwanga kiwiko. Mkono ukanasa nyuma ya usukani wangu, ndege ikagonga shamba, kifundo kikavunjika. Koki ikabaki wazi, na ndege ya chuo ikaungua hadi ukabaki mkia.

Kama uliingiwa na woga, sema. Woga si dhambi. Dhambi ni kunipaka matope ili kiwiko chako kionekane cha shujaa. Jina langu katika kazi hii ndilo kitu pekee nilicho nacho. Sina mke, sina shamba, nina wanafunzi. Nenda ukafute maneno yako. Mpaka siku hiyo, hapa usikanyage.

Mjomba wako

*

Chuo cha urubani
16 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimeanza na shikamoo ili usipate la kuongezea kwenye makosa yangu.

Sikwenda kukusemea kwa mtu. Kamati iliniuliza, "Kwa nini ulimpiga mwalimu?" Ulitaka nijibu nini? Kwamba nilikuwa najinyoosha? Mkaguzi ananitazama, katibu ameshika kalamu, na wewe umeshawaambia kwamba nilikupiga. Niliulizwa, nikajibu lililotokea.

Na lililotokea ni hili. Tuliinuka vizuri. Nyumba za wafanyakazi zikapita chini yetu, chini kabisa, nikaona hadi mashuka yaliyoanikwa. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Propela ikasimama mbele ya macho yetu. Nilishusha pua kabla hujasema chochote, na unajua hivyo. Mwendo nikaushika palepale uliponifundisha kuushika. Mbele yetu kulikuwa na paa za shule, na kushoto kidogo shamba la alizeti lenye mtaro mwishoni. Nikachagua alizeti. Nikafungua komeo la mlango ili usije ukajikunja ukatufungia ndani. Mikono yangu haikutetemeka, Mjomba. Woga unaouzungumzia ulikuja baadaye, nyumbani, nikiwa navua viatu.

Ndipo sauti yako ikanijia masikioni. Sauti yako ileile ya kila siku, taratibu, kama mtu anayeagiza chai. "Igeuze."

Nimekusikiliza tangu nina miaka tisa. Mwili ulianza kutii wenyewe, mguu wa kushoto ukawa umeshaanza kusukuma. Kisha nikaona mkono wako unakuja na nikajua unataka kugeuza wewe mwenyewe. Nikapiga. Leo ningepiga tena.

Mkaguzi amesema injini ilikatika valvu, si kosa la mtu. Laiti na haya mengine yangekuwa hivyo. Sijui neno la adabu la kumwambia mjomba kwamba anasema uongo. Ukilipata niandikie, nitalitumia.

Lakini wacha nikwambie linaloniuma. Tangu siku ya kwanza ulipoketi kando yangu, kila nilipotua umeniambia neno moja: "Tena." Nikitua vibaya, tena. Nikitua ndege ikagusa chini bila hata wewe kujua, tena. Siku ile nilikukokota kwa kola kutoka kwenye moto, tukakaa kwenye matuta tunakohoa, nikakutazama nikasema moyoni, leo atasema kitu. Ukasema, "Umenivunja mkono."

Na hili usije kulisikia kwa wengine. Mkuu wa chuo ameniomba nichukue wanafunzi wako, nami nimekubali. Cheti cha ualimu ninacho, na wewe ndiye uliyenifungia darasani nichore mishale ya upepo ubaoni huku kiti cha mwalimu angani umekikalia peke yako. Nitawafundisha kwa namna yangu. Sitawaambia "Sikia" kabla ya kila sentensi. Sikia, punguza moto. Sikia, tazama kulia. Hawa ni watu wazima wenye masikio. Unajua wanakuitaje? Mzee Kia. Kwa sababu hata hilo neno lako hulitamki likatimia. Angani tunasikia "kia" tu, kia, kia, safari nzima. Ardhini unalisema vizuri. Tulidhani ni madaha.

Mpwa wako,
aliyekutoa kwenye moto

*

Nyumbani
21 Machi

Mwanangu,

Kwanza mimi si posta. Mwenzio ana miguu miwili mizima na bado mimi ndiye ninayetumwa na bahasha.

Barua yako aliisoma amesimama. Akaikunja, akaniuliza, "Dada, wewe ulijua kwamba naitwa Mzee Kia?" Nikacheka. Sikupaswa kucheka, najua, lakini mtu huyu ni mdogo wangu, nimemfuta makamasi, na ule uso wake! Amenuna hadi leo. Chakula anakula, ila anakula kama ananifanyia hisani.

Amechukua viti vyangu viwili vya jikoni, akavipanga ubavu kwa ubavu chumbani kwake kutazama dirisha. Nikitaka kukaa nipepete mchele lazima niende kumwomba rubani kiti. Kila asubuhi anakalia kile cha kulia, anatazama mbele, ananyoosha mkono wenye plasta taratibu kuelekea kitu ambacho hakipo, anaurudisha. Nikimwuliza anasema ni mazoezi ya mkono. Mazoezi gani ya mkono yanayofanywa kwa mdomo? Nimesogeza sikio mlangoni, na usinihukumu, nyumba ni yangu. Anasema, "Sikia, usiigeuze." Anakaa kidogo. "Sikia, usiigeuze." Kama mtoto anayekariri shairi la shule. Nikaondoka, nikaenda kulilia kwenye masufuria.

Kuna jambo daktari amesema na mjomba wako amenikataza nisikwambie. Plasta ikitolewa vidole viwili havitakunja tena na kifundo hakitazunguka. Usukani hatashika. Kwa hiyo mimi sijakwambia, na wewe hujui.

Sasa nisikilize. Mlidondoka kutoka angani mkiwa hai. Nilipopata habari nilikaa chini sakafuni nikashukuru mpaka sauti ikakauka. Na kumbe mmeokoka ili mje mmalizane kwa kalamu, mezani kwangu, kwa stempu ninazonunua mimi! Mmoja wenu ni mwongo. Sitaki kumjua ni nani. Nataka akome, amwombe mwenzake radhi, nirudishiwe viti vyangu.

Na wewe acha kujitia ngangari. Mtu hampigi mjomba wake kiwiko halafu anaandika "ningepiga tena". Nimekulea mimi au umeokotwa?

Mama

*

Chumba cha nyuma
27 Machi

Mpwa wangu,

Umechukua kiti changu. Hongera. Kina tabia ya kusogea nyuma ndege inapoinuka, kwa hiyo kisukume hadi kilie kabla ya kufunga mkanda. Nakwambia kwa ajili ya wanafunzi, si kwa ajili yako.

Kati yao, yule daktari wa meno ana mkono mwepesi kuliko wote, lakini anaogopa njia ya ndege itamwishia. Matairi yakigusa tu mguu wake unakwenda kwenye breki, na ndege ikiwa bado ina mwendo ule itamgeukia. Umwahi kwa neno kabla mguu haujafika. Yule mwingine, karani wa mahakama, muache aongee, akiongea anaruka vizuri. Haya nayo uyachore ubaoni.

Na useme Sikia. Mwalimu wangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo, na sikumwuliza kwa nini, kama nisivyomwuliza fundi cherehani kwa nini analamba uzi. Kwako ni madaha. Haya, fanya madaha. Na ninalitamka lote, tangu S hadi A. Kama mna nta masikioni msinilaumu mimi.

Umeandika kwamba ulisikia "Igeuze" kwa sauti yangu. Nimelikazia macho neno hilo siku nyingi. Haliwezekani. Kinywa changu hakiwezi kulitoa likiwa angani, hata nikiwa nimelala, hata nikiwa nimelewa. Hivyo yamebaki mawili: ama umelitunga, ama mimi kwako ni mtu wa hovyo kiasi kwamba ulilisikia bila mtu kulisema. Sijui lipi linanikera zaidi. Nikiamka naona ni la kwanza, nikilala naona ni la pili.

Unadai sikukupongeza. Kwani abiria wako wakifika salama unawadai makofi?

Usiniandikie tena mpaka uwe umekwenda kwa kamati.

Mjomba

*

Chuo cha urubani
8 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Umesema nisikuandikie. Soma hadi mwisho, kisha uichane ukitaka.

Leo asubuhi nilikuwa angani na daktari wa meno. Alikuja kutua vizuri, kama ulivyosema. Matairi yakagusa, na nikauona mguu wake unakwenda kwenye breki, kama ulivyosema. Nikamwahi. Nikamwambia, taratibu kabisa, "Usiikanyage."

Akaikanyaga. Akaikanyaga kwa miguu yote miwili, kwa nguvu zake zote, kama mtu anayeua nge. Ndege ikazunguka, ikatoka kwenye njia, ikaingia majanini, bawa la kushoto likakwangua udongo, tukasimama tukiwa tunatazama tulikotoka. Sote wazima. Nikamgeukia nikiwa nimewaka. Nikamwuliza kama ana akili timamu, nimemwambia asikanyage na yeye anakanyaga!

Naye alikuwa amewaka kuliko mimi. "Mwalimu, umesema mwenyewe ikanyage!"

"Nimesema usiikanyage!"

"Nimesikia ikanyage! Nikashangaa, lakini nikajiambia, mwalimu ni mwalimu!"

Mjomba, nikazima injini. Nilikaa pale majanini nimeshika hedfoni mkononi, na yeye akadhani naumwa.

Tulipovutwa hadi karakana nilimwomba tupande ndege nyingine, tuwashe injini, tubaki hapohapo chini. Nikamwambia kazi yake ni kunirudia kila neno atakalolisikia, kwa kupaza sauti, si kwa maiki. Nikanyamaza kidogo, nikasema, "Usiigeuze." Akasema, "Igeuze." Nikanyamaza, nikasema tena, "Usiigeuze." Akasema, "Igeuze, igeuze, nimeshasema, tunageuza nini?" Nikasema, "Sikia, usiigeuze." Akasema, "Kia, usiigeuze."

Kia.

Maiki za ndege zetu ni za zamani. Usipoongea zinalala, ili kelele za injini zisiingie masikioni, na ukianza kuongea zinaamka. Ila zinaamka kwa uvivu. Kipande cha kwanza cha neno ndicho kinachoziamsha, na kipande hicho hakimfikii mtu. Wewe ulikuwa unazirushia "Si" zikaila, kisha unasema lako salama. Mwalimu wako alijua, au mwalimu wa mwalimu wako. Wewe ulirithi neno bila sababu yake, na mimi nikalitupa kwa kuwa halina sababu.

Mama aliniandikia unachosema ukiwa kwenye viti vyake. "Sikia, usiigeuze." Hivyo ndivyo unavyokumbuka. Lakini siku ile hukusema Sikia. Ulisema usiigeuze peke yake, na barua yako ya kwanza inasema hivyohivyo, neno tupu. Kwenye hedfoni yangu likafika bila kichwa. Kwa lugha yetu kukataza kote kuko mbele ya neno. Ukikata mbele umeamuru.

Kwa hiyo si mwongo wewe na si mwongo mimi. Nilidhani nikijua hivyo nitapata nafuu. Nina hasira nisiyojua niiweke wapi. Nimekasirika na waya na kisanduku cha sauti. Nimekasirika na wewe, kwa nini husemi kwa nguvu kama watu wengine? Nimejikasirikia kwamba mkono ulikuja kutuokoa na moto nikaupiga. Najua habari ya vidole. Mama hakuniambia.

Kesho nakwenda kwa kamati.

Mpwa wako

*

Chuo cha urubani
15 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimekwenda. Niliwachukua hadi kwenye ndege, nikawavisha hedfoni, mkaguzi mwenyewe akasikia "Igeuze" mara nne na rangi ikambadilika. Jina lako limesafishwa. Watakuandikia rasmi.

Kisha tukarudi mezani, akakunja mikono, akasema, "Kwa hiyo, kwa kifupi, mwalimu alitoa agizo sahihi, akanyoosha mkono kufanya kazi sahihi, na wewe ukampiga." Nikasema ndiyo. Akasema na jana yake nikaitupa ndege nyingine majanini. Nikasema ndiyo. Leseni yangu wameizuia. Wanafikiria kama mtu wa namna yangu anafaa kuruka. Mkuu wa chuo ameshaniambia nikabidhi ufunguo wa kabati.

Sijakuandikia ili unionee huruma. Nimekuandikia kwa sababu nilikutumia barua yenye ukweli wote na umenyamaza. Sikuomba unipongeze. Nilitaka hata matusi. Ulitaka nifute maneno, nimeyafuta, na leseni yangu imefutika pamoja nayo. Sasa umeridhika?

Mpwa wako

*

Chumba cha nyuma
22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hiyo ni ya barua zote tatu, nilikuwa nimeziweka.

Sikujibu kwa kuwa nilikuwa na hasira. Bado ninayo. Nimeona haipoi, basi naandika nayo hivyohivyo.

Nilikaa kwenye viti vya mama yako nikaitafuta Sikia ya siku ile. Nilikuwa na hakika nitaipata, maana sijawahi kuiacha. Namwambia Sikia hata muuza magazeti. Sikuipata. Neno lilinitoka tupu. Na najua kwa nini lilinitoka tupu: niliogopa. Nilikuandikia kwamba woga si dhambi nikidhani namwandikia mwenye woga, kumbe naiandikia nafsi yangu. Ile sauti ya kuagiza chai ilikuwa ya mtu anayeomba dua kimoyomoyo. Haya, umeshajua, usiwaambie wanafunzi.

Lakini hilo halikuninyima usingizi. Lililoninyima usingizi ni jingine, na nimelizunguka wiki nzima kabla ya kuliona.

Wewe hukujua habari ya maiki. Ulipokuwa unaishusha ile ndege, kwako mimi nilikuwa nimesema igeuze. Mwalimu wako, mjomba wako, ameamuru. Niliwachukua wanafunzi wangu wote kichwani, mmoja mmoja, nikawakalisha kwenye kiti cha kushoto, nikawazimia injini, nikawaambia, igeuze. Daktari wa meno aligeuza. Karani wa mahakama aligeuza huku anaongea. Mkuu wa chuo, ambaye nilimfundisha mimi na sasa anakunyang'anya ufunguo, aligeuza bila hata kuuliza. Wote waligeuza, mwanangu. Wangegeuza kwa heshima. Mwalimu amesema. Na mama yako angesimama kati ya majeneza mawili akiambiwa kwamba tulikuwa watu wenye adabu sana.

Ni wewe peke yako uliyeisikia sauti yangu ikikutuma kufa na ukaikataa. Ukafanya nilichokufundisha, usifanye nilichokwambia, ukaniongezea na kiwiko. Sijui mtu anafanya nini na jambo kama hilo. Nimekufundisha vizuri hadi hukunisikiliza. Inaniudhi kuliko mkono.

Mkono, ndiyo. Vidole viwili vimekataa. Najua mama yako alikwambia. Huyo hawezi kuficha hata zawadi. Sitaruka tena, na kiti cha kulia kwenye ndege ni chako. Usidhani nakupa. Ningekuwa na mkono ningeking'ang'ania hadi wanitoe kwa kreni. Nitafundisha darasani, nitachora mishale ubaoni, na somo langu la kwanza litakuwa juu ya maiki za uvivu na kwa nini tunasema Sikia. Wanaweza kuniita Kia. Nimeshaamua kutosikia.

Kesho nakwenda kwa kamati, na mama yako amesema anafuatana nami, kwa hiyo namhurumia mkaguzi. Nitamwambia hivi: mtu aliyepewa agizo la kifo na mwalimu wake akatua salama kwenye shamba la alizeti hanyang'anywi leseni, anayenyang'anywa ni yule aliyeuliza kama anafaa kuruka. Nitakaa ofisini kwao hadi waichomoe kwenye droo. Sina kazi nyingine siku hizi.

Kiwiko sijakusamehe. Nitakitaja harusini kwako na nitakitaja nikiwa kitandani nakata roho, jiandae.

Jumapili uje. Mama yako amerudishiwa kiti kimoja. Kingine nimekibakiza, ni cha kushoto, hakikaliwi na mtu. Na nikipiga simu, pokea.

Sikia. Ulitua vizuri. USIrudie.

Mjomba wako